Je, ili niwe mwanafunzi wa Yesu ni lazima nimtupe mama yangu?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, ni mzaliwa wa kwanza, nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Tangu mwaka jana niko kwenye darasa la uanafunzi la huduma moja ya vijana, tunasoma Injili ya Luka. Tulipofika sura ya 14 mlezi wangu wa kiroho alisema mimi bado ni mshirika tu, si mwanafunzi, kwa sababu sijaacha vyote. Kila mwezi namtumia mama laki moja na nusu kule Makete. Ana presha, na mdogo wangu yuko kidato cha tatu, bweni. Mlezi anasema fedha hiyo inalisha madhabahu za ukoo, niikate mwaka mzima niielekeze kwenye huduma. Nina kiwanja Chanika nilichomaliza kukilipia kwa awamu. Wanataka nikiuze nihamie kwenye nyumba ya huduma. Mwezi uliopita babu alifariki, nikaambiwa 'waache wafu wazike wafu wao', sikwenda. Mama hajanilaumu, ila tangu siku hiyo nikimpigia anaongea kidogo tu. Kazini sina shida, bosi ananiamini, hadi mashine ya risiti ananiachia mimi, japo wateja wengi tunawakatia risiti pungufu kama maduka mengine. Nisaidie: Yesu alisema kweli tuwachukie wazazi? Na nikiacha darasa, nitakuwa nimeshika jembe nikaangalia nyuma? Jibu la kiwanja wanalitaka kabla ya mkesha wa mwisho wa mwezi."*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa kufiwa na babu. Nimetafuta kwenye barua yako mtu wa darasani aliyekupa pole, sikumwona, basi pokea yangu.

Ninavyokuelewa, kinachokusumbua zaidi si kiwanja wala laki moja na nusu. Unaogopa kwamba ukimkatalia mlezi wako utakuwa umemkatalia Yesu, na huoni pa kuwatenganisha hao wawili. Hofu hiyo naiheshimu. Asiyempenda Bwana haulizi kama ulivyouliza. Nitakujibu kwa Luka huyo huyo mnayemsoma, nikitoka nje yake pale tu inapobidi. Ila nakuonya mapema: sitakwambia kwamba maneno ya Luka 14 ni mepesi. Ni mazito kweli.

Tuondoe jambo dogo kwanza. Habari kwamba wewe ni mshirika tu na wenzako ndio wanafunzi haimo katika Luka. Sura ya 6 inasema Yesu aliwaita wanafunzi wake, na miongoni mwao akachagua kumi na wawili akawaita mitume. Wanafunzi ndio kundi kubwa, mitume ndio wachache. Na katika Matendo ya Mitume, kitabu cha pili cha mwandishi huyo huyo, watu walioanza kuitwa Wakristo kule Antiokia ni hao hao wanafunzi. Wewe umeamini na unamfuata. Jina hilo ni lako tayari, hakuna wa kukupandisha daraja.

Sasa sura ya 14. Nadhani mlianzia mstari wa 26, maana ndio wenye moto. Rudi uanzie mstari wa 15. Yesu yuko mezani kwa Farisayo, anasimulia karamu kubwa ambayo walioalikwa wanaikwepa. Mmoja amenunua shamba, mwingine jozi tano za ng'ombe, wa tatu ameoa. Katika hao hakuna mwizi wala mlevi. Shamba ni halali, ng'ombe ni halali, ndoa ni halali, na kila mmoja ameishika halali yake akaifanya kisingizio. Baada ya hapo Luka anatuhamishia barabarani. Makutano mengi yanaandamana na Yesu kuelekea Yerusalemu, naye anageuka kuwaambia kwamba mtu asiyemchukia baba, mama, mke, watoto, ndugu, naam na nafsi yake mwenyewe, hawezi kuwa mwanafunzi wake. Mathayo ana maneno yanayokaribia haya, lakini mke hamtaji. Luka anamtaja, na nadhani ni kwa sababu bado anamkumbuka yule bwana harusi aliyeshindwa kuja karamuni.

Je, ni chuki kama tunavyoijua sisi? Soma Kumbukumbu la Torati 21. Sheria inazungumza juu ya mume mwenye wake wawili, mmoja anayependwa na mmoja anayechukiwa, na inamkataza mume kumnyima mtoto wa huyo wa pili haki yake ya uzaliwa wa kwanza. Yule mke wa pili bado ni mke, anaishi humo na kuzaa humo. Amewekwa nyuma tu. Ndivyo Waebrania walivyozoea kusema walipotaka kuonyesha nani anatangulia. Mathayo 10:37 inalisema jambo hilo hilo waziwazi: ampendaye baba au mama kuliko mimi. Na Yesu anayeamuru katika Luka 6 tuwapende adui zetu hawezi, sura nane mbele, kutuamuru tumchukie aliyetuzaa, kisha katika sura ya 18 amtajie yule mtawala tajiri amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Lakini nisiuvunje makali mstari huu kwa ajili ya kukufariji. Unadai kitu kweli. Katika dunia ya Luka, nyumba ya baba ndiyo ilikuwa kazi, shamba, jina, mchumba na kaburi. Mtu akimkiri Kristo aliweza kutolewa humo akabaki hana pa kushika. Sura ya 12 inasema baba atafarakana na mwanawe na mama na binti yake. Sura ya 21 inasema mtasalitiwa na wazazi na ndugu. Angalia nani anamfukuza nani hapo. Jamaa wanafukuza, mwanafunzi ndiye anayefukuzwa. Yesu alikuwa anamwandaa mtu wa namna hiyo, ili siku atakapolazimishwa kuchagua awe amekwisha kuchagua. Mlezi wako amelipindua jambo. Anataka wewe ndiye uufukuze ukoo ambao, kwa maelezo yako, haujakuomba uache chochote. Mama amekuzuia kusali? Amekuita kwenye matambiko? Angefanya hivyo ungekataa, tena ningekuunga mkono, na vidonge vyake vya presha ungeendelea kumtumia.

Kuhusu hizo madhabahu za ukoo nitasema kwa kifupi. Chumvi, dawa na michango ya bweni ya mdogo wako havilishi madhabahu yoyote. Katika Marko 7 Yesu aliwakuta watu waliobuni njia ya kidini ya kutowasaidia wazazi: mtu alisema mali ambayo ingemfaa baba au mama ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi wazazi wakakosa. Aliwaambia wametangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ukikata fedha ya mama ukaipeleka kwenye huduma kwa jina la Mungu, umefanya jambo lile lile, na sioni namna ya kulisoma vingine.

Maneno ya kuzika yamo katika sura ya 9. Mtu mmoja, Yesu amemwambia amfuate, anaomba kwanza akamzike baba yake, naye anajibiwa waache wafu wazike wafu wao. Wafafanuzi hawakubaliani. Wapo wanaosema baba alikuwa bado hai, maana Wayahudi walizika siku ile ile na mfiwa asingekuwa barabarani akiongea. Mtu huyo alikuwa akiomba kungoja mpaka mzee afe, pengine miaka. Wapo wanaokumbusha kwamba Yerusalemu ya wakati ule mifupa ilikusanywa mara ya pili, mwili ukishaoza kaburini, ikawekwa kwenye sanduku la mawe. Wapo wanaoyachukua maneno kama yalivyo, kwamba kwa mtu yule, siku ile, njiani kwenda Yerusalemu, wito haukungoja hata maziko. Mimi naelekea kwa hawa wa mwisho. Naona maelezo mengine yanamtafutia Yesu upole ambao hakuutaka pale. Hata hivyo alikuwa akiongea na mtu mmoja, kwa mdomo wake mwenyewe, na Luka hajalifanya neno hilo kanuni ya kila msiba.

Nitakuonyesha kwa nini nasema hivyo. Fungua sura ya 7, mstari wa 11. Yesu anakaribia lango la mji wa Naini na umati wake, na kutoka mjini unakuja umati mwingine na jeneza. Marehemu ni kijana, mwana pekee wa mama yake, na mama ni mjane. Mume alikwisha kuzikwa, sasa anazikwa aliyekuwa anamlisha. Yesu hakuupita msiba ule akisema wafu watajizika. Alimwona mama, akamhurumia, akamwambia asilie, akaligusa jeneza, waliolibeba wakasimama. Kijana akaketi, akaanza kusema. Na Luka anaongeza maneno machache ambayo watu huyaruka: Yesu akampa mama yake. Kijana aliyefufuliwa na Bwana mwenyewe, ambaye kwa hesabu za mlezi wako angefaa kuliko wote kuacha kila kitu na kuhamia kwenye nyumba ya huduma, alirudishwa kwa mama mjane. Sura ya 9 tena, mvulana aliyetolewa pepo alirudishwa kwa baba yake. Na katika sura ya 8 yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetokwa na pepo anamsihi Yesu aende naye, anaomba kwa mdomo wake kuwa mwanafunzi wa safari, na Yesu anamkatalia: "Rudi nyumbani kwako." Injili inayosema acha nyumba ndiyo hiyo hiyo inayosema rudi nyumbani. Anayeamua nani aache na nani arudi ni Bwana.

Na aliyemzika Yesu? Yusufu wa Arimathaya, ambaye aliuomba mwili, akausitiri kwa sanda, akauweka kaburini. Na wanawake wa Galilaya wakaenda kutayarisha manukato. Luka anawasimulia kwa heshima kubwa.

Kwa hiyo nenda Makete. Matanga yamepita, lakini kaburi lipo na mama yupo. Usiende na mahubiri. Kaa naye jikoni, mwambie ulikosea kutokuja, umsikilize. Huo ukimya wake wa kwenye simu hautaisha kwa simu.

Tuje kwenye mali. Ni kweli Yesu anasema katika 14:33 kwamba asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wake, na ni kweli alimwambia mtawala wa sura ya 18 auze vyote. Lakini fuatilia fedha inakwenda wapi. Kwa mtawala, iende kwa maskini. Kwa Zakayo, nusu kwa maskini, na aliodhulumiwa warudishiwe mara nne. Katika sura ya 12, uzeni mtoe sadaka. Hakuna mahali katika Luka ambapo Yesu anamwambia mtu auze kisha amletee yeye. Wapo waliomhudumia kwa mali zao, akina Mariamu Magdalene, Yoana mke wa Kuza wakili wa Herode, na Susana, sura ya 8. Lakini hao walitoa katika vitu walivyo navyo, na bado vilikuwa vyao. Lawi aliacha vyote katika 5:28, na mstari unaofuata anafanya karamu kubwa nyumbani mwake, akiwaalika watoza ushuru wenzake. Nyumba bado ilikuwepo. Kilichobadilika ni mwenye kuiamrisha na nani anakaribishwa humo. Na katika Matendo 5 Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilipokuwa kwake lilikuwa mali yake, na hata lilipouzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Hakuna aliyemlazimisha kuuza.

Umesikia mara nyingi, bila shaka, mahubiri ya mjane aliyetoa senti mbili. Yanaanzia 21:1. Soma mistari mitatu iliyo juu yake. Yesu ametoka tu kuwaonya wanafunzi wajihadhari na waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Ndipo anainua macho anamwona mjane akitoa riziki yake yote. Tunamsifu mjane, na ni haki. Lakini Luka hakuiweka habari hiyo hapo kwa bahati tu, na sijui kwa nini tunapenda kuianzia katikati.

Sasa, yule mtu wa mnara. Wewe unauza vifaa vya ujenzi. Mfano huu unaujua kuliko mimi. Mteja anakuja na orodha ya fundi, unampigia hesabu ya saruji, nondo, kokoto, na unajua kwa kumwangalia kwamba atafika kwenye lenta tu. Chanika imejaa nyumba zilizoishia kwenye lenta, mpapai umeota sebuleni. Yesu anasema ni nani kati yenu akitaka kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama? Mfalme mwenye watu elfu kumi, kabla ya kumkabili mwenye elfu ishirini, naye anaketi kwanza akashauriana. Kuketi kwanza ni agizo la Bwana. Basi anayekupa tarehe ya mwisho, tena usiku wa mkesha, ngoma zinapiga, wenzako wamesimama mbele wakishuhudia walichouza, anakunyang'anya kile kiti ambacho Yesu alikuwekea. Hilo peke yake lingenitosha kukwambia usubiri.

Kuhusu jembe na kuangalia nyuma. Mtu wa 9:61 alitaka kwenda kuaga nyumbani, na Yesu akamwambia, "Mtu aliyetia mkono wake kulima, kisha akaangalia nyuma, hafai kwa ufalme wa Mungu." Ufalme wa Mungu ndio unaotajwa. Darasa lenu halitajwi. Unaweza kuacha huduma, kubadilisha mlezi, kuhama kanisa, na jembe likabaki mkononi. Na hata aliyeangalia nyuma kweli, Petro, aliyesema hamjui Yesu mara tatu karibu na moto wa uani, alikuwa ameombewa kabla hajaanguka. Katika 22:32 Yesu alimwambia amemwombea imani yake isitindike, na kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Kwa hiyo usitishwe na jembe.

Unaweza kujiuliza ilikuwaje ukafika mahali pa kukosa maziko ya babu kwa kutii mtu unayemjua tangu mwaka jana tu. Usijilaumu kupita kiasi. Huwa inaanza kwa upendo wa kweli: unapokewa, unaitwa kwa jina, mtu anakupigia asubuhi kukuuliza umesali. Kwa kijana aliye mbali na nyumbani, Dar es Salaam, hilo ni jambo kubwa. Kisha unaungama mambo yako ya siri, na mlezi anayajua yote huku wewe hujui lake hata moja. Kisha kunakuja kutoa kidogo, kutoa tena, na kila ulichotoa kinafanya iwe vigumu kukiri kwamba huenda umekosea. Mwisho watu wa nje ya darasa, mama akiwa wa kwanza, wanageuzwa kuwa vifungo, na hapo hakuna tena mtu wa kukuambia hebu ngoja. Simwiti mlezi wako tapeli. Inawezekana kabisa naye alilelewa hivyo hivyo, akauza chake, na anaamini anakusaidia. Lakini nia njema haifanyi njia iwe salama. Tuliona kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa ya watu waliofuata mafundisho ya kuacha shule, hospitali na jamaa hadi kuacha chakula. Sisemi darasa lenu ni Shakahola, wala silifikirii hivyo. Nasema tu tuna sababu ya kuuliza maswali mapema mtu anapoambiwa akate dawa za mama.

Na sasa naomba uketi, maana kuna jambo umeliandika kama la kupita tu. Risiti pungufu.

Umekaa darasa la uanafunzi tangu mwaka jana. Wameuliza kiwanja, wameuliza fedha ya mama. Inaonekana hakuna aliyeuliza kuhusu EFD, ile mashine ya risiti unayoishika kila siku. Mteja ananunua mabati ya laki nane, unabonyeza laki mbili. Yesu anasema katika 9:23 mtu ajitwike msalaba wake kila siku. Hayo maneno "kila siku" ni Luka peke yake aliyeyaandika, Mathayo na Marko hawana. Msalaba wa Luka unabebeka Jumatatu saa mbili asubuhi, kaunta imejaa wateja. Watoza ushuru walipomjia Yohana sura ya 3 kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wala wauze viwanja. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Ni majibu ya kuchosha, hayafai kushuhudiwa mkesha, na ndiyo toba yenyewe. Sura ya 16 inasema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huaminika katika lililo kubwa pia.

Wazee wetu wa uamsho walilielewa hili. Moto ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka Uganda, Bukoba na Kenya, haukujulikana kwa nyimbo za Tukutendereza tu. Watu walirudisha vitu walivyoiba, walikwenda kwa mabosi wao na kukiri. Walikuwa na makosa yao, wengine walipenda mno kuwahesabu wenzao kuwa hawajaokoka, lakini habari ya Zakayo waliifanyia kazi.

Hapa gharama ni ya kweli, kwa hiyo ihesabu. Ukimwambia bosi huwezi tena kukata risiti pungufu, anaweza kukuondoa kwenye mashine, au kazini kabisa, na hapo laki na nusu ya mama itayumba. Sikushauri uingie ofisini kesho na hotuba. Weka akiba ya miezi miwili au mitatu kwanza kama unaweza, angalia kazi nyingine kimyakimya, kisha mwombe kwa heshima, faragha, akuruhusu uandike kiasi halisi kwenye mauzo unayoyafanya wewe. Waajiri wengine hukubali, kwa sababu mtu asiyeibia serikali hataiba na droo. Wengine hawakubali. Kama hakubali, omba ukae upande wa stoo wakati unatafuta pa kwenda. Naona hapo ndipo Yesu wa Luka 14 anapokuuliza kama utamtanguliza, na katika jambo hilo siwezi kukupunguzia bei.

Kuhusu darasa, una njia tatu. Unaweza kubaki kama ulivyo, hiyo siishauri. Unaweza kubaki ukiweka mipaka, yaani unasoma na kusali nao lakini mali, jamaa na simu zako si mada. Au unaondoka. Kupima kati ya hizo mbili za mwisho, mwambie mlezi unataka mchungaji wako na mama yako wajue kila unachoombwa kutoa, kisha umtazame usoni. Akifurahi, pana matumaini. Akikuambia ni siri ya kiroho, ondoka wiki hiyo. Yale mema uliyoyapata, kuamka kusali, kuisoma Injili sura kwa sura, ondoka nayo. Si mali yao. Kiwanja usiuze kwa sasa, na nyumba ya huduma usihamie, vyovyote utakavyoamua mengine.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyabeba. Kama umekwisha kusaini karatasi yoyote, au umempa mtu mkataba wa mauziano wa kiwanja akutunzie, usingoje: nenda ofisi ya serikali ya mtaa ulikonunulia na nakala uliyo nayo, na umwone wakili au watoa msaada wa kisheria, ambao huduma yao ni ya bure kwa asiye na uwezo. Ukitishwa, au mambo uliyoyaungama yakatumiwa kukubana, nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hulali, huli, unasikia sauti ya hukumu kila ukifumba macho, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali umwone daktari leo hii, wala usiambiwe ni upungufu wa imani. Luka anahesabiwa na mapokeo kuwa tabibu. Na kwa yote, mtafute mchungaji au padri mmoja mtu mzima, asiyenufaika kwa lolote na uamuzi wako, ukae naye uso kwa uso mara kadhaa. Nenda na mtu, dada au shangazi, kama unaona vigumu peke yako.

Jibu lao wanalitaka kabla ya mkesha, basi lipeleke mapema, kwa maandishi, fupi, bila kubishana mistari. Kitu kama hiki: "Shalom mtumishi. Nimeomba na nimeketi kuhesabu gharama kama Luka 14:28 inavyosema. Kiwanja sitauza, na mama nitaendelea kumtunza. Mkeshani sitakuwepo, nasafiri kwenda Makete kuhani msiba wa babu. Asante kwa mlivyonilea." Usiongeze maelezo, maana kila sababu utakayotoa itajibiwa. Akikubariki, mshukuru. Akikujibu kwa laana, usijibizane naye. Hifadhi ujumbe huo, mwonyeshe mchungaji utakayekuwa umempata, na ukate tiketi ya basi.